Kazi Sawa na Sifuri

Kidato cha pili, mkondo B. Dirisha la tatu halina kioo,
na mlima leo umejifunika hadi mabegani.
Mwalimu Ndekirwa anafunga mlango,
anaiacha lugha ya mtihani huko nje barazani,
anasema taratibu, kama mtu anayehesabu chenji:
kazi ni kani, mara umbali, kuelekea upande wa kani.
Kisha anamwita Aikande mbele, anamtwisha ndoo ya maji.
"Simama."
Dakika moja. Tatu. Shingo inaanza kumcheza.
"Amefanya kazi kiasi gani?"
Tukataja namba kubwa kubwa.
Akachora yai ubaoni.
"Sasa tembea hadi mlangoni. Usipande, usishuke."
Yai la pili.
Darasa likaangua kicheko. Aikande hakucheka,
maji yalikuwa yamemwingia kwenye kola.

Mimi nilikuwa namfikiria baba.

Pale lango la Machame wanamwita Winchi.
Kilo ishirini, si ishirini na nusu,
mzani wa langoni hauna undugu:
mahema, mtungi wa gesi, viti vya kukunja,
trei za mayai ambayo hatayala yeye.

Usiku ule, Pasua, umeme umekatika,
nikapiga hesabu kwa mwanga wa simu.
Ishirini, mara kumi
(tuite kumi, alisema mwalimu, mlima hautakasirika),
mara mita elfu mbili na mia nane, toka langoni hadi kambi ya juu.
Juli laki tano na sitini elfu!
Nikafurahi. Nikafunua kurasa
hadi kwenye jedwali la vyakula na nishati yake.
Nusu chapati.

Nikarudia. Nusu chapati.
Na kama angeshuka na mzigo wote uleule,
jumla ya safari nzima: yai.

Baba alirudi Alhamisi, midomo imepasuka kwa baridi.
Nikamwonyesha daftari, sijui kwa nini.
Alilishika mbali na macho, kama risiti ya deni la mtu mwingine.
"Mzigo umepanda," akasema. "Mimi nilibaki langoni?"

Nikaongeza kilo zake sitini na mbili.
Juli milioni mbili na laki tatu, kasoro elfu nne.
Na kesho yake Mwalimu Ndekirwa akanishika kiwiko mlangoni:
msuli ni mfanyabiashara mbaya, binti,
katika kila shilingi nne za chakula
tatu anazitupa kwa joto.
Nikazidisha mara nne, nikakimbia nyumbani.
"Chapati tisa, baba!"
"Sasa unakaribia."
Akanywa chai.
"Kule Shira tulisimama saa nzima na mizigo kichwani,
mvua inapiga, wageni wanatafuta makoti yao.
Saa hiyo umeiandika wapi?"

Nikaangalia daftari.
"Sifuri, baba."

Alicheka mpaka akakohoa.
"Mama Haikaeli! Njoo usikie!
Kumbe Winchi ni mvivu, imeandikwa kitabuni!"
Mama hakuja. Alikuwa anabandika maji.

Kabla maji hayajachemka niliweka kiganja
kwenye goti lake la kushoto, lile la kushukia.
La moto. Nikagusa la kulia. La kawaida.
Nikarudi kwenye la kushoto, nikakaa nalo,
na baba akaniacha, akitazama ukutani
kama mtu anayepimwa.

Nishati haipotei, hubadilika umbo:
ukurasa wa arobaini na moja, nimeupigia mstari.

Mtihani ulikuja Novemba.
Swali la nne, kipengele cha pili: mtu amebeba mzigo,
amesimama wima kwa muda wa saa moja.
Tafuta kazi aliyofanya.
Kalamu ilikaa hewani muda mrefu.
Nikaandika sifuri.
Nilikatwa nusu alama, nilisahau kuweka kizio.